Aliyeniuliza Jumamosi Yangu Mara Tatu

Ndiyo, ni mimi. Yule mzee mnayemsikia kwenye maharusi na kwenye foleni za kupimia kahawa, aliyeingia bustani ya hoteli pale Moshi mjini amevaa suti, rozari shingoni, wanakwaya watatu wanamfuata nyuma, akasema kwa Kiingereza mbele ya wageni waliokuwa wakinywa soda zao kwamba mbuzi amekwisha kufa na watu wanangoja, ni mimi Inyasi, katekista mstaafu, wa Kibosho. Aibu niliiona, sikatai. Masikio yaliniwaka moto mpaka nikadhani watu wanayaona. Lakini nimechoka kusikia mkasa wangu ukisimuliwa na watu ambao hawakuwepo, kila mmoja na chumvi yake (eti nilibeba kichwa cha mbuzi mkononi, uongo mtupu, kichwa kilibaki nyumbani ndani ya sufuria), kwa hiyo leo kaeni niwasimulie mwenyewe, na mkimaliza kucheka mniambie kosa langu liko wapi, maana nimelitafuta miaka yote hii, hata kwenye kuchunguza dhamiri kabla ya kitubio, na sijaliona.

Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa, mitumba imejaa sokoni, na wageni wa kupanda mlima walikuwa wakishuka Moshi kwa makundi. Baadhi yao, kabla ya kwenda kujitesa na baridi huko juu, walipita kwenye duka la vitabu vya dini nililokuwa nikilisimamia baada ya kustaafu, wakanunua rozari za mbegu na misalaba ya mpingo. Mimi Kiingereza nilikuwa nacho, ila cha seminari ndogo, tena niliiacha kabla sijamaliza. Naweza kukueleza habari za Utatu Mtakatifu kwa Kiingereza, lakini siwezi kumuuliza mtu kama amelala vizuri. Paroko alipoona nawatazama wateja bila neno, akaniambia, "Mzee Inyasi, kuna binti wa kujitolea kutoka Uingereza anafundisha maongezi jioni kwenye ukumbi wetu. Nenda ukae nao." Nikaenda, na namshukuru Mungu kwa hilo hadi leo, pamoja na yote yaliyotokea.

Darasani walikuwa wapagazi wa mlimani, wahudumu wa hoteli na madereva. Mwenye mvi nilikuwa peke yangu. Mwalimu wetu, Joan, alikuwa binti mrefu mwenye kucheka haraka, amejifunza kusema shikamoo na anaimwaga kwa kila mtu, hata kwa vijana wa kubeba mizigo, nao wanaitikia marahaba bila haya. Alifundisha vizuri. Kila Ijumaa, kabla ya somo, alitupitia mmoja mmoja akituuliza habari ya wikendi. Neno hilo wikendi ilibidi atueleze kwanza, akasema ni mwisho wa juma, mtu anapumzika na kufanya mambo anayoyapenda. Mpagazi mmoja akauliza kama kuna watu wanalipwa mshahara na bado wanapumzika siku mbili mfululizo, akaambiwa ndiyo, akatikisa kichwa kwa muda mrefu sana.

Sasa hapa naomba mnisikilize vizuri, hasa ninyi mliozaliwa mjini. Huku kwetu mlimani hakuna mtu anayekuuliza Jumamosi yako kwa kupitisha muda. Unaweza kuulizwa habari za kahawa, ng'ombe, mvua, watoto walioko Dar es Salaam, jibu lolote utakalotoa halina madhara. Lakini Jumamosi ndiyo siku ya mazishi, siku ya vikao vya ukoo, siku ya washenga kuja na maneno yao, kwa hiyo mtu akikuuliza, "Mzee, Jumamosi upo?" ujue ana jambo, na jambo lenyewe ni kwamba anakuja. Adabu inamkataza yeye kusema nakuja, na adabu inakukataza wewe kumuuliza unakuja kufanya nini. Unajibu nipo au unajibu sipo, yamekwisha, mmoja anakwenda kutafuta nguo safi na mwingine anakwenda kutafuta ndizi.

Ijumaa ya kwanza Mwalimu Joan akaniuliza nitafanya nini Jumamosi. Moyo ulishtuka, lakini nikajibu ukweli, kwamba nina majani ya ng'ombe ya kukata na kuna mazishi ya jirani. Akasema pole, akaenda kwa mwingine. (Najua mtaniambia aliwauliza wote. Ni kweli aliwauliza wote, na hilo ndilo lililoniumiza. Nilimwona kama msafiri anayebisha mlango mmoja baada ya mwingine, na watu wanamjibu kutoka ndani: nitafua, nitalala, nitakwenda mpirani. Binti yuko mbali na kwao, anazunguka darasa zima, na hakuna hata mmoja aliyemwambia karibu. Niliona haya kwa niaba ya Wachagga wote.) Ijumaa ya pili akaniuliza tena. Nikababaika, nikasema kuna kikao cha ukoo, akatabasamu akasema inaonekana nina shughuli nyingi. Niliyasikia maneno hayo njia nzima ya kupanda nyumbani. Una shughuli nyingi! Katekista, niliyefundisha watoto wa parokia nzima kumpokea mgeni, nimemrudisha mgeni mara mbili.

Nilipofika nikamweleza mke wangu, Mama Adelina. Yeye alikuwa anamenya ndizi, hakuinua hata uso.

"Amekuuliza mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Na wewe umesema hupo mara mbili?"

"Nilikuwa na kikao."

"Inyasi, mtoto wa watu ametoka Ulaya kuja kufundisha bure, anaomba kuja kukaa nasi siku moja, wewe unamwambia kikao. Akiuliza mara ya tatu ukamkatalia, usiniambie, maana nitashindwa kukutazama."

Kwa hiyo wanaosema niliyatunga kichwani mwangu, wajue tulikuwa wawili, na mmojawapo ana akili kuliko mimi.

Ijumaa ya tatu nilikaa mbele kabisa. Akaja kwangu. "Na wewe, Mzee Inyasi, Jumamosi unafanya nini?"

"Nipo nyumbani," nikasema kwa Kiingereza nilichokuwa nimekifanyia mazoezi kwenye kioo cha dukani. "Mke wangu yupo, watoto wapo. Karibu sana."

"Oo, asante sana! Ningependa sana!" Akaweka mkono kifuani kabisa. "Na hapo nyumbani mna mifugo?"

"Ng'ombe wawili, na mbuzi."

"Mbuzi! Nawapenda sana mbuzi!"

Darasa zima lilisikia. Devota, mhudumu wa hoteli aliyekaa pembeni yangu, alisikia. Niambieni ninyi, mgeni amekubali kuja, na kwa kinywa chake mwenyewe amesema anapenda mbuzi, ungempikia mchicha? Tena hakuishia hapo, akaniambia niwaeleze wenzangu njia ya kufika kwangu. Nikaeleza: unapanda barabara ya Kibosho hadi kanisani, unaacha shule mkono wa kulia, unavuka mfereji, unaulizia nyumba ya katekista. Akanisahihisha mahali pawili, nikarudia, akasema sasa ni sahihi kabisa. Nikajua njia ameishika.

Sasa yupo ndugu yangu Desideri, mtoto wa baba mdogo, kihamba chake, yaani shamba lake la migomba, kinapakana na changu. Juma moja kabla ya hayo nilikuwa nimemkemea mbele ya jumuiya nzima, kwa sababu alisema atakuja kwenye kazi ya kuzibua mfereji na hakuja, nikasimama nikasema kwamba Mkristo akisema ndiyo, watu waweze kuitegemea kama wanavyotegemea kengele ya kanisa. Nilisema vizuri, watu wakaitikia, Desideri akatazama viatu vyake. Kwa hiyo aliponiona Ijumaa ile jioni nikimfungia mbuzi wangu mkubwa kando, yule tuliyekuwa tukimlisha kwa ajili ya Krismasi, akasimama kwenye mpaka akaegemea mgomba.

"Meku," akaniita, yaani mzee kwa Kichagga, "huyo anakwenda wapi?"

"Kesho nina mgeni. Mwalimu wangu wa Kiingereza."

"Mzungu? Kwako? Kufanya nini?"

"Kunitembelea."

"Amekuambia anakuja?"

Nikakaza fundo la kamba ya mbuzi, kisha nikasema, "Ndiyo."

"Haya," akasema, na akacheka taratibu kama mtu aliyepata kitu cha kutafuna. "Kesho tutaisikiliza hiyo kengele."

Hapo ndipo Jumamosi ile ilipoacha kuwa habari ya chakula, ikawa habari ya neno langu. Nilikuwa nafundisha watoto wa kipaimara kila Jumapili, na wazazi wao wote wangekuwepo.

Maana habari ilikwisha kutembea. Mama Adelina alimwambia jirani mmoja ili amwazime sahani, basi, kufikia asubuhi mgeni wangu alikuwa si mwalimu tena bali mfadhili. Miaka ile mzungu akitajwa tu watu wanaona bomba la maji. Wakaja kina mama wa jumuiya na vitenge vya sare, wakaja wazee, akaja mwenyekiti wa kitongoji amefunga tai, na hotuba kichwani kuhusu paa la zahanati. Nikawaambia jamani, ni mwalimu tu, anakuja kututembelea, wakanikonyeza kama watu wanaotunza siri. Mbuzi akachinjwa asubuhi. Kisusio kikapikwa, ile supu yetu ya nyama na damu, ndizi zikachemka, mbege, pombe yetu ya ndizi, ikaletwa kwenye ndoo, watoto wakaoshwa hadi nyuma ya masikio na kupewa maua ya kushika. Nilivaa suti yangu ya kustaafia. Mlima ulikuwa wazi tangu alfajiri, nikamshukuru Mungu, nikasema hata hali ya hewa imeambiwa.

Tukangoja.

Tukasali Malaika wa Bwana ilipogonga kengele ya mchana, tukangoja. Maua yakaanza kuinama mikononi mwa watoto. Kwetu nyumbani nyama ya mgeni haipakuliwi mgeni hajaketi, ndivyo baba yangu alivyotulea, kwa hiyo watu wazima walikaa wakinusa chakula wasichoweza kula, na hakuna jambo linaloharibu heshima ya mtu haraka kama hilo. Mwenyekiti alilegeza tai. Desideri alikuwa amekaa kwenye benchi mkabala na kiti cha mgeni, kile chenye kitambaa cheupe, na kila baada ya muda alisema kwa sauti ya upole kabisa:

"Labda amekwenda kuzibua mfereji."

Watu wakacheka chini chini. Mama mmoja akasema, "Desideri, acha." Desideri akasema, "Mimi nimesema nini? Nasikiliza kengele."

Nikaingia ndani, nikapiga magoti, nikaomba, na jibu nililolipata (au nililotaka kulipata, Mungu anajua) ni kwamba binti amepotea njia. Alisahihisha Kiingereza cha njia ile, lakini hakuwahi kuipita. Nikatoka nikamwambia jirani yangu Pantaleo, mwenye pikapu ya kupelekea ndizi sokoni, "Tushuke tukamchukue." Hiyo ndiyo hatua moja ndogo ambayo, kama ningeiacha, aibu ingeishia Kibosho. Nikapanda mbele, wanakwaya watatu wakapanda nyuma na sare zao, na Desideri akarukia nyuma pamoja nao, eti shahidi.

Pale anapokaa Mwalimu, mlinzi akatuambia amekwenda hotelini kuogelea na wenzake. Nilifurahi. Nilisema, ameoga ili aje kwetu akiwa safi.

Tukaingia. Bustani ina majani yaliyokatwa vizuri, viti vyeupe, bwawa la kuogelea, na wazungu wengi wamelala kwenye jua kama kahawa kwenye mkeka. Wanakwaya wangu walipoona wazungu wakajua tumefika, wakaanza wimbo wa kumkaribisha mgeni, kwa sauti zote tatu na vigelegele. Kila mtu pale akakaa wima. Mwalimu Joan akatoka majini. Alivaa nguo ya kuogelea, na mimi nikiwa mtu wa umri wangu na cheo changu kanisani nikainua macho nikautazama mlima, sikuyashusha tena, ndiyo sababu waliokuwepo wanasema nilikuwa katika njozi. Hapo ndipo nikasema, kwa sauti ili anisikie juu ya kwaya:

"Mwalimu, mbuzi amekwisha kufa. Watu wanangoja."

Kwaya ikanyamaza. Nikasikia nyayo zenye maji zinakuja, na mkono uliolowa ukashika wangu.

"Oo, Mzee Inyasi! Pole sana. Alikuwa mgonjwa?"

"Hapana," nikauambia mlima. "Alikuwa mzima kabisa."

"Sasa amekufaje?"

"Nimemchinja. Kwa ajili yako."

Mtu mmoja kwenye viti akapaliwa na soda. Kisha kicheko kikaanza upande ule, kikapita viti vyote, na kijana mmoja akanyanyua kamera akatupiga picha, mimi nikitazama juu, mwalimu akinishika mkono, Desideri katikati ya wanakwaya amefungua mdomo. Mwalimu akauliza kwa nini, kwa ajili yake kwa nini, na hapo Devota, aliyekuwa kazini na trei yake, akaja akasimama kati yetu, akamweleza mwalimu kwa Kiingereza, kisha akanigeukia mimi akasema kwa Kiswahili, taratibu, kama unavyomweleza mgonjwa:

"Babu, hakuwa anakuja. Wao wakiuliza wikendi ni maongezi tu. Wanauliza ili watu wazungumze."

"Lakini ameniuliza mara tatu."

"Anauliza kila Ijumaa, babu. Anamuuliza hata mlinzi."

"Na anapouliza, hataki kujua?"

Devota akaitazama trei yake. Nikamuuliza mwalimu mwenyewe kwa Kiingereza: unapouliza, hutaki kujua? Na nikashusha macho nimtazame, maana kwa wakati huo alikuwa amejifunika taulo. Uso wake ulikuwa mwekundu hadi shingoni. Akasema anasikitika, anasikitika sana, hakufahamu, lakini ameahidiana na wenzake, gari linawasubiri, wanakwenda Arusha jioni ile. Labda wiki ijayo?

Nikamwambia, "Usiseme wiki ijayo kama huji."

Sikusema kwa hasira. Nilisema kama ninavyowaambia watoto wa kipaimara. Lakini kicheko kilikatika, na tukatoka katikati ya ukimya ule, suti na vitenge, na mhudumu mmoja akatufungulia lango ambalo tayari lilikuwa wazi.

Kwenye pikapu mwanakwaya mmoja akainama dirishani. "Mzee, tuseme ana malaria. Wazungu wanaumwa malaria kila siku, hakuna atakayeshangaa."

"Kweli," akasema Pantaleo. "Malaria inatosha."

Nikamtazama Desideri, maana yeye ndiye angeniumbua. Alikuwa amekunja uso, na nilidhani anatafuta maneno ya kunikejeli, kumbe alikuwa amekasirika. "Wale watoto wanamcheka mtu mzima," akasema. "Na picha wanapiga. Sema malaria, Inyasi. Mimi sitakupinga. Nitasema nimemgusa paji la uso, linachoma."

Ndugu zangu, huo ndio ulikuwa mtihani wenyewe, si ule wa bustanini. Njia nzima ya kupanda niliona jinsi ilivyo rahisi. Neno moja tu, na hata adui yangu amejitolea kulishuhudia. Mwenyekiti angesema pole, kina mama wangemwombea mgonjwa, nami ningebaki na heshima yangu yote, na Jumapili ningesimama mbele ya watoto kuwafundisha amri ya nane, usiseme uongo. Nilishika rozari yangu. Tulipovuka mfereji nilikuwa bado sijaamua, siwafichi.

Nikashuka. Watu wote wakasimama, watoto wakainua vile vijiti vilivyobaki vya maua. Nikasema:

"Mgeni haji. Haumwi, hajapotea. Hakuwa anakuja. Kwao mtu huuliza Jumamosi yako kwa mazungumzo tu, nami niliisikia kama tunavyoisikia sisi. Jana Desideri aliniuliza kama amesema anakuja, nikasema ndiyo. Hakusema. Aliuliza, nami nikajaza mengine mwenyewe. Na mbele ya wazungu bustani nzima nimesema mbuzi amekufa, wakacheka. Sasa chekeni na ninyi, kisha tule."

Wakanitazama. Kisha mwenyekiti wa kitongoji, na tai yake, akauliza kwa huzuni, "Kwa hiyo hata paa la zahanati hajui?" na hapo uwanja ukapasuka. Walicheka mpaka mama mmoja akakaa chini kwenye majani. Desideri alikumbatia mgomba. Mama Adelina peke yake hakucheka, alikuja akanivua koti, akalikung'uta vumbi, akasema, "Aliuliza mara tatu. Wewe ulifanya sawa." Kisha akaenda kupakua. Nyama ya kiti cheupe nilimkatia Desideri kwa mkono wangu. Akaipokea akasema aika, yaani asante, akala yote, na alipomaliza kunyonya mfupa akanipa jina ambalo ninalo hadi leo: Mzee Wikendi.

Jumatatu watu walinishauri nisiende darasani. Paroko mwenyewe, aliyekuwa amekwisha kusikia (alikohoa sana aliponiona, akageukia ukutani), akasema naweza kupumzika hata mwezi. Asubuhi ile dukani watu waliingia wasionunua hata picha ya mtakatifu, wananiuliza tu bei ya mbuzi. Jioni nikafunga duka, nikavaa suti ileile, nikaenda nikakaa mbele.

Mwalimu Joan aliingia akitazama sakafu. Jumatatu kawaida yake ilikuwa kuuliza wikendi iliyopita ilikuwaje. Akamuuliza mpagazi, akamuuliza dereva, akamuuliza Devota, alipofika kwangu akaruka, akaenda kwa aliye nyuma yangu. Alifanya kwa huruma, najua. Lakini mimi sikuwa nimevaa suti kwa ajili ya kurukwa.

"Mwalimu," nikasema kwa Kiingereza. "Umenisahau. Niulize."

"Mzee, si lazima..."

"Niulize Jumamosi yangu."

Akaniuliza, kwa sauti ndogo. Nikasimama. Nikawaeleza yote, kwa Kiingereza, tangu Mama Adelina na ndizi zake hadi taulo na koti kukung'utwa vumbi. Mahali niliposhindwa neno niliweka la Kiswahili nikaendelea. Niliwaeleza jinsi mbuzi alivyokuwa na tabia ya kunifuata hadi kwenye njia ya kanisani. Niliwaeleza na habari ya maua. Wapagazi walicheka, wakaacha kucheka, wakacheka tena. Sijawahi kusema Kiingereza kirefu namna ile kabla wala baada, na mara hii mwalimu hakunisahihisha popote. Nilipomaliza nikamwambia, "Sasa mimi nakuuliza wewe. Jumamosi yako ilikuwaje?"

"Ah, hakuna cha maana," akasema, na tabasamu lile la kila Ijumaa.

"Hapana. Mimi nataka kujua. Tuna muda."

Tukangoja. Mimi kungoja nimezoea. Mwishowe akakaa juu ya meza, akasema kwamba Arusha hakwenda, alipanda gari akashuka. Akasema baba yake anaishi peke yake huko kwao, na humpigia simu kila juma kumuuliza wikendi yake, na baba husema nzuri tu, naye husema vizuri, na kwa miaka yote hiyo hajui baba yake hufanya nini siku ya Jumamosi. Nje mama wa usafi alikuwa anavuta kiti, akakiacha.

Mwalimu alikuja kwetu baadaye, siku ya katikati ya juma, bila kuuliza wala kutoa taarifa, akatukuta tunapukuchua mahindi, akakaa akapukuchua. Tulimpikia ndizi na maharage, maana mbuzi hakuwepo tena.

Basi huo ndio mkasa, na hakukuwa na kichwa cha mbuzi. Mwishoni mwa masimulizi kama haya mtu huapa kwamba hatarudia tena. Mimi naapa kinyume. Wajukuu wameniambia siku hizi hata hapa Kibosho watu wameanza kuuliza wikendi ovyo, kwenye simu, kwenye lango la kanisa, jibu lisifike hata sikioni. Ulizaneni ninyi kwa ninyi. Lakini ukiniuliza mimi Jumamosi nitafanya nini, nitakuambia nipo, na nitakaa nikikungoja nimevaa suti, na usipotokea, pikapu ya Pantaleo bado inawaka: nitakufuata hapo hapo ulipo, hata kama uko ndani ya maji.